Maua ya porini na kamera inayosogea: maswali yenu

Safari hii maswali yote ni ya mtindo mmoja: kuisogeza kamera kwa makusudi shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) ikiwa wazi, ili maua yageuke michirizi na mawimbi ya rangi.

Mchana picha inatoka nyeupe tupu. Nikiharakisha shata, maua yanatulia kabisa, michirizi hakuna. Nifanyeje?

Jua likiwa kali, kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga) na apacha, yaani tundu la lenzi, ya f/16, kamera inataka kasi ya 1/125 ya sekunde hivi. Michirizi huanza kuvutia kuanzia 1/15 hadi sekunde nzima; kwa maua anza na 1/4. Kutoka 1/125 hadi 1/4 ni stopu tano; stopu ni hatua ya kipimo cha mwanga, na kila stopu unayopunguza hukata mwanga nusu. Ukifunga apacha hadi f/22 umepata moja. Filta ya kijivu ya ND8, kioo cheusi cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, inakata tatu, na filta ya polaraiza moja na nusu au zaidi. Hiyo polaraiza ina faida ya pili: inaondoa mng'ao juu ya majani, kijani kikakolea. Kama mfuko unaruhusu filta moja tu, chukua ND64. Inakata stopu sita, na kwa f/16 inakufikisha 1/2.

Wengi huogopa f/22 kwa sababu inapunguza ukali wa picha. Hapa ukali hautafutwi. Cha kuogopa ni vumbi la sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha: halisogei pamoja na mandhari, kwa hiyo linabaki madoa meusi juu ya michirizi laini. Safisha sensa kabla ya kutoka.

Kivulini au mawingu yakiwa mazito huenda usihitaji filta kabisa.

Nizungushe, nipandishe au nipeleke pembeni? Zangu zote zinaishia kuwa uji wa rangi.

Tazama kwanza mistari iliyopo mbele yako. Mashina marefu yaliyosimama yanataka kamera ipande au ishuke, ili kila shina lijichore juu ya njia yake lenyewe. Ukiyakata kwa pembeni, mashina yanapotea na rangi zote zinachanganyika. Hapo ndipo uji wako unapopikwa. Maua mafupi yaliyotanda chini hupendeza kwa mwendo wa pembeni, yanakuwa matabaka. Ua moja la duara linaweza kuzungushiwa kamera, mradi kiini chake kiwe katikati ya fremu, maana katikati ndipo panapobaki pametulia.

Kosa la pili ni kusogeza mno. Ukiwa na lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kwenye ukubwa wa 1:1 (taswira kwenye sensa ni sawa na kitu chenyewe), kamera ikihama sentimita 1 taswira nayo inahama sentimita 1 juu ya sensa, na sensa ya fremu kamili ina kimo cha milimita 24 tu. Karibu nusu ya picha imekwenda! Kwa makro hesabu milimita. Lenzi pana, ukiwa mbali na maua, ndiyo inayotaka mkono mzima uzunguke.

Anza kusogea kabla ya kubonyeza na uendelee baada ya shata kufunga. Ukibonyeza kwanza, mkono unachelewa kidogo, na kila mchirizi unakuwa na kidoa mwanzoni. Ila kidoa hicho kina kazi yake: weka sekunde 1, tulia nusu ya muda, kisha sogeza. Ua litatambulika, huku rangi yake ikivuja upande mmoja. Sisi tunaupenda mtindo huu kuliko ukungu mtupu.

Milia myeupe inayokatiza picha zangu inatoka wapi?

Angani, au kwenye mianya ya mwanga katikati ya majani. Sensa hujumlisha mwanga: king'aacho kikipita mahali kinaacha alama, cheusi hakiachi kitu. Ndiyo maana shina jembamba la kijani kibichi mbele ya anga jeupe hufutika, na ua jeupe mbele ya kivuli huchora mstari safi. Panda juu kidogo uelekeze kamera chini, au hama hadi nyuma ya maua pawe na kivuli.

Kizuia mtikisiko nikizime?

Zima. Kinashindana na mkono wako. Lenzi zenye hali maalumu ya kufuata kitu kinachokimbia zinaweza kukusaidia kunyoosha mwendo wa pembeni. Fokasi nayo: lenga ua, kisha hamia fokasi ya mkono, isianze kutafuta katikati ya mwendo.

Simu inaweza?

Inaweza, kwa programu yenye shata ya polepole. Simu nyingi haziwezi kubadilisha apacha, na programu nyingi hazifungui shata kwa muda mrefu bali huunganisha fremu fupi fupi. Ukisogeza haraka unapata nakala za ua zilizopangana kama ngazi. Punguza mwendo, ongeza muda hadi sekunde 2. Usitumie hali ya usiku. Huzipanga fremu upya ili kuondoa mwendo unaoutaka.

Maua ya njano na mekundu yanakuwa bapa la rangi, hayana tabaka.

Chaneli moja, yaani mojawapo ya rangi tatu za sensa (nyekundu, kijani, buluu), imejaa. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, inaweza kuonekana salama huku ile ya nyekundu imegonga ukuta wa kulia, basi washa histogramu ya rangi tatu na upunguze mwanga kwa theluthi mbili za stopu. Piga katika faili ghafi (RAW). Picha za mtindo huu hutoka zimepauka, kwa kuwa giza na mwanga vimechanganyika. Wakati wa kuhariri shusha weusi na uongeze kontrasti kwanza. Ukikimbilia kuongeza ukolezi wa rangi, lile bapa linarudi.

Nipige ngapi kwa ua moja?

Nyingi, lakini badilisha jambo moja kwa wakati: mwendo uleule kwa 1/8, 1/4, 1/2, kisha ndipo ubadilishe mwelekeo. Na upige ukiwa njiani kwa lenzi ndefu, ya milimita 70-200 kwa mfano, usikanyage maua ya mbele kufuata ya nyuma.