Astrida ni nani?
Ndugu uliyeuliza kwa nini wazee wengine wa Rwanda wanauita mji wa Butare "Astrida", hilo ni jina la malkia Astrid wa Ubelgiji, lilitumika mpaka 1962. Alizaliwa Stockholm 1905, binti wa kifalme wa Sweden, akaolewa 1926 na Leopold, mrithi wa ufalme wa Ubelgiji, akawa malkia 1934, na Wabelgiji walimpenda kweli maana hali ya uchumi ilipokuwa mbaya aliomba watu wachangie nguo na chakula kwa maskini. Basi Agosti 1935 wako Uswisi, mfalme mwenyewe anaendesha (dereva kakaa nyuma!), gari likatoka barabarani, Astrid akafa hapohapo, miaka 29 tu jamani. Mwanae ndo Baudouin, yule mfalme wa Ubelgiji aliyekuja kwenye uhuru wa Kongo 1960.