Shangazi Mhariri Anajibu: Roketi, majini na pesa ya kula

SWALI: Assalamu aleikum shangazi. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, mchana niko gesti napokea wageni, usiku naandika hadithi kwa simu, za vyombo vya angani na watu wa sayari nyengine. Babangu anacheka, ati hiyo ni kazi ya Wazungu wasio na kazi. Rafiki zangu nao wananiletea zao niwasahihishie. Je mtu anaweza kuishi kwa hii, kuandika na kuhariri pamoja, ama nichague moja?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Msalimie babako, na umwambie nusu ya maneno yake ni kweli, manake hata huko kwa Wazungu kazi hii mwanzo wake hailishi mtu.

Chukua Frederik Pohl, Mmarekani aliyezaliwa New York 1919. Skuli aliiacha hajamaliza, alichokuwa nacho ni kundi la vijana wenziwe wapenda hadithi hizi, Isaac Asimov, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi hizi, akiwa mmoja wao, wakisomeana na kugombana na kupatana. 1937 likachapwa shairi lake, 1939 hata 20 hajafika akapewa magazeti mawili ya hadithi za sayansi ayahariri. Malipo yalikuwa kiduchu, sa unajua alifanyaje? Aliandika hadithi zake kwa jina la bandia akajinunulia mwenyewe gazetini mwake! Hilo mimi sikushauri lakini nilipolisoma nilicheka.

Alafu ikaja vita, akaenda jeshini kwenye mambo ya hali ya hewa, aliporudi akaandika matangazo ya biashara, akawa wakala wa waandishi, yaani wa kuwauzia hadithi zao kwa wachapishaji, Asimov akiwa mteja wake, na ile biashara ya uwakala ikafa ikamwachia madeni. Lakini hapa ndipo nataka usimame kidogo. Ile kazi ya matangazo ambayo mtu angesema imempotezea wakati, ndiyo iliyozaa riwaya ya The Space Merchants, aliyoandika na Cyril Kornbluth ikatoka kitabu 1953, dunia inayotawalwa na kampuni za matangazo. Sasa wewe uko gesti, watu wa kila nchi wanapita mbele yako na siri zao na mabegi yao, na unataka kuandika watu wa sayari nyengine, kweli unatafuta nini tena?

Miaka ya sitini akashika uhariri wa magazeti ya Galaxy na If, na If ikachukua tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, ya gazeti bora mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Akiwa hapo ndiye aliyenunua hadithi ya kwanza ya mwandishi Larry Niven. Baada ya kuacha magazeti ndio akatoa riwaya ya Gateway, 1977, watu wanapanda vyombo vilivyoachwa na viumbe wasiojulikana, hawajui vitawapeleka wapi wala kama watarudi, nayo ikapata Hugo na ile tuzo nyengine kubwa, Nebula, zote mbili. Hesabu mwenyewe, toka 1939 mpaka 1977! Naamini bila ile miaka ya kusoma hadithi mbovu za watu asingeiandika vile, kwa sababu ukihariri ya mwenzio unaona pale msomaji anapochoka, kwenye yako hupaoni ng'o, umeipenda mno. Kwa hivyo usichague. Pohl alijiwekea kurasa nne kwa siku, kila siku, popote alipo, wewe anza na moja. Za rafiki zako zikusanye, chagua zilizo nzuri kweli, za kurudisha, zirudishe na umwambie mtu kwa nini, hata akinuna. Hapo ushakuwa mhariri. Na gesti usiache.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwalimu hapa Malindi. Wanafunzi wangu wanataka kuandika hadithi za sayansi lakini naona huku kwetu tuna majini wa magofu ya Gede tu, roketi tutazitoa wapi?

JIBU: Mwalimu! Uko Malindi unaniuliza mimi roketi? Kutoka kwenye majukwaa ya San Marco, hapo baharini ghuba ya Ngwana, Waitaliano wamerusha setilaiti toka 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaruka ya Wamarekani ikaitwa Uhuru kwa ajili ya siku hiyo, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kuchunguza eksirei za angani peke yake, ikaorodhesha vyanzo 339, na ilisaidia watu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi ya angani, yanayomeza hata mwanga, yapo kweli. Wapeleke watoto ufukweni waulize, mvuvi aliyeiona siku ile alidhani nini? Hadithi hiyo, tena na hao majini wako wa Gede watie humo humo, nani kakataza?

Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alifanya hivyo na riwaya ya The House of Rust, 2021, msichana anaingia baharini na chombo cha mifupa na paka anayesema, kumtafuta babake mvuvi, na 2022 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyopewa jina la mwandishi Mmarekani wa hadithi hizi. Ameandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo roho inaniuma kidogo, manake Shaaban Robert toka 1951 alishatuwekea nchi nzima ikielea hewani, Kusadikika, sisi tukaifanya kitabu cha mtihani basi. Wakubwa wakimaliza muswada kuna tuzo ya Safal-Cornell, zamani ikiitwa Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa miswada ya Kiswahili.

SWALI: Nimepata mtu anasema atanichapishia riwaya yangu ya majini nikimtumia pesa kwanza, hajaisoma bado. Nitume? Msomaji, Mkomani.

JIBU: Usitume. Mchapishaji anasoma kwanza, akipenda anakulipa yeye, na mkataba unausoma wewe na mtu mwengine anayejua kabla ya kutia sahihi. Kama unataka kujichapishia mwenyewe hiyo ni sawa, lakini basi nenda kiwanda cha uchapaji ukaulize bei ya nakala, upewe risiti, na vitabu viwe vyako.