Miche 24 Niliyoiua kwa Haraka Zangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mfupi ambao haujanitoka kichwani. Alisema kwamba majira ya machipuko yanaelekea ukingoni, siku zimekuwa ndefu, na tayari amenunua miche ya nyanya, pilipili hoho, letisi na matango; anachotaka ni kujua kipi kitangulie kuingia ardhini. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, lakini kila nilipoanza kuandika aibu yangu ya zamani ilirudi, kwa sababu swali hilo sikumwuliza mtu yeyote mwaka nilipoanza kulima bustani ya nyumbani.

Mwaka ule nilikuwa na miche 24 ya nyanya niliyoiotesha mwenyewe katika vikopo dirishani, na nakiri kwamba nilikuwa na majivuno nayo. Zilipokuja siku tatu mfululizo za jua kali niliamini kwamba baridi imekwisha, nikaanza kuchimba mashimo. Jirani mmoja, mtu mzima aliyelima kwa miaka mingi, alisimama akaniuliza kama nimeugusa udongo. Nilimshukuru kwa adabu ya mdomoni tu na kuendelea kuchimba. Miche ile haikuwa imewahi kuonja upepo wala jua lisilopita kwenye kioo, kwa hiyo siku ya pili majani yake yalikuwa yameungua na kuwa meupe kama karatasi. Usiku wa nne baridi ilishuka hadi nyuzijoto 4 za Selsiasi. Miche iliyosalia ilidumaa, majani yakageuka rangi ya zambarau upande wa chini, kwa kuwa mizizi iliyo katika udongo baridi hushindwa kufyonza fosforasi ya kutosha, kisha ikafa mmoja mmoja. Jirani alipita asubuhi, akatazama, akasema, "Si nilikuuliza?" Hakucheka. Ningependelea angecheka. Methali ya haraka na baraka nilikuwa naijua tangu utotoni, na siku hiyo haikunisaidia chochote.

Tangu hapo sipandi kwa kufuata kalenda wala kwa kulitazama jua la mchana. Natazama usiku na udongo. Nyanya hudumaa usiku unaposhuka mara kwa mara chini ya nyuzijoto 10, na mrehani hugeuka mweusi upesi zaidi. Maharage yanahitaji udongo wenye nyuzijoto 15 au zaidi ili yaote bila kuoza, ilhali matango, maboga na bamia nayasubirisha mpaka udongo ufike 18. Nina kipimajoto kidogo ninachokichomeka ardhini asubuhi, siku kadhaa mfululizo, kabla sijaamua lolote. Miche nayo naizoesha nje kwa siku 7 hadi 10: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kisha naongeza muda na jua kidogo kidogo. Ni kazi ya kuchosha, na wasomaji wengi wataniambia kwamba hawana nafasi nayo. Nami sikuwa na nafasi.

Mwaka uliofuata nilikosea kwa upande wa pili, na kosa hili huniuma zaidi kwa sababu lilitokana na uangalifu. Kwa kuiogopa baridi nilichelewesha kila kitu, pamoja na letisi, spinachi na njegere, baada ya muuza mbegu kunihakikishia kwamba letisi hupandwa wakati wowote. Si kweli. Mbegu nyingi za letisi hulala tu ardhini udongo unapokaribia nyuzijoto 30, na chache zilizoota kwangu zilirefuka shina, zikatoa maua na kuwa chungu kabla sijavuna hata mara mbili. Spinachi ilifanya vivyo hivyo, maana mwanga wa mchana unapozidi saa 14 hivi mmea huo huacha majani na kukimbilia mbegu. Njegere zilikauka zikiwa na maganda matupu. Ndipo nilipoelewa kwamba mche hauchaguliwi kwa hali ya hewa ya siku unayoupanda, bali kwa joto utakalokutana nalo ukishakua.

Ndugu zangu, tuache kubishana na majira. Joto likishatulia, panda kinachopenda joto. Mchicha, bamia na viazi vitamu vimenistahi katika wiki ambazo kila kitu kingine kilinyauka, na kona niliyoidharau kwa sababu inapigwa na jua mchana kutwa ndiyo inayonilisha sasa. Yule jirani huja kuchuma bamia kwangu. Hatujawahi kuizungumzia tena ile miche.

Hata nyanya, ambayo wengi huihesabu kuwa mmea wa joto, ina kikomo chake. Mchana unapozidi nyuzijoto 32 na usiku usipopoa, maua hudondoka kwa kuwa chavua yake hudhoofika, na kuongeza mbolea ya naitrojeni hukuzidishia majani tu. Nilipoona nyanya zangu zinaoza kitako, nilikimbilia kununua kalisiamu, kumbe ilikuwamo udongoni tele, nami ndiye niliyekuwa nikimwagilia leo maji mengi na kusahau siku tatu, hata mmea usiweze kuifikisha kwenye tunda. Sasa naweka matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, na namwagilia alfajiri, kwa kina, jumla ya lita 25 hivi kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki mvua isiponyesha. Kunyunyizia kidogo kila jioni huilea mizizi ya juujuu, na mizizi hiyo ndiyo ya kwanza kuungua.

Kwa msomaji wangu, basi: letisi iingie leo hii, mahali patakapopata kivuli cha alasiri, na uivune ingali changa. Nyanya zifuate usiku ukishaacha kushuka chini ya nyuzijoto 10, na hoho zisubiri wiki moja au mbili zaidi, maana huchukia baridi kuliko nyanya. Matango yawe ya mwisho, nawe uyatoe kwenye kikopo pamoja na udongo wake wote, kwa kuwa mizizi yake haipendi kuguswa. Maua ya mwanzo yakidondoka bila tunda usinitumie ujumbe wa huzuni. Mara nyingi hayo huwa ni ya kiume, na ya kike huja nyuma yake siku chache baadaye.