Spika za zamani mezani: maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: "Nimepata spika za zamani za kampuni fulani, ni nzuri?" Hali yake haielezwi, na upana wa meza hautajwi. Sina jibu la swali kama hilo, na hakuna fundi mwenye nalo. Nimechukua yale yenye kitu cha kushika.

Nimeona jozi ya miaka ya 1980, jina kubwa, mbao zinang'aa. Muuzaji anasema hazijawahi kufunguliwa tangu zitoke kiwandani. Nichukue?

Usitoe pesa kabla hujavua kitambaa cha mbele. "Hazijawahi kufunguliwa" wauzaji huitaja kama sifa. Mimi huisikia kama onyo. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa na ukingo wa povu, lile sponji jembamba linaloizunguka koni ya wufa (spika kubwa ya besi), na povu hilo huoza lenyewe kwa hewa na unyevu. Miaka 15 hadi 25 yatosha, hata kama spika ilikaa kabatini bila kupigwa. Liguse taratibu kwa ncha ya kidole. Lililo zima hurudi lilipokuwa. Lililooza hunata, au humeguka na kukuachia unga mweusi kidoleni. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi: spika ya AR-3, iliyotoka mwaka 1958, ilitumia kitambaa, na hadi leo zipo zinazopiga zikiwa na ukingo wake wa awali.

Kisha weka vidole kuzunguka katikati ya koni na uisukume ndani polepole, kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imehama au imepinda. Spika hiyo iache hapo hapo. Povu lililooza halinitishi, kwa kuwa fundi mwangalifu hulibadilisha, mradi bei ishuke. Kinachonitisha ni mtu kuipiga kwa sauti kubwa "kuijaribu" wakati ukingo umechanika. Koni inayumba, koili inajisugua kwenye sumaku, na spika iliyohitaji ukingo tu sasa inahitaji wufa nzima.

Sumaku zake hazitaharibu kompyuta yangu?

Hapana. Zilizokuwa zikiharibika rangi ni skrini za zamani zenye kioo kizito. Skrini bapa haina shida.

Spika zangu zimeandikwa wati 100 nyuma. Amplifaya ya wati 30 si itakuwa ndogo?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo safari hii someni mpaka mwisho. Namba iliyo nyuma ni mzigo ambao spika inaweza kustahimili; haikuambii inahitaji nini ili ipige. Tazama unyeti, yaani ukubwa wa sauti, kwa desibeli, ambao spika hutoa kwa wati moja. Spika ya desibeli 85 hutoa kiwango hicho kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Sogea hadi nusu mita, mahali unapokaa mezani, na unapata karibu desibeli 91 kwa wati hiyo hiyo moja. Hapo tayari unayaumiza masikio yako ukikaa nayo kutwa, na hilo mbona hamniulizi? Wati 20 au 30 safi zinatosha kabisa. Twita, spika ndogo ya sauti za juu, huungua zaidi pale amplifaya dhaifu inapobanwa hadi sauti inapasuka, na mwenyewe akaendelea kuongeza.

Mnachotakiwa kusoma pale nyuma ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika ya omu 4 kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8 tu itaichemsha.

Nina spika za njia tatu (wufa, ya kati na twita), wufa za inchi 12. Naweza kuziweka pande mbili za skrini?

Usiziweke. Kwa umbali wa sentimita 70 sikio linaisikia wufa mahali pake, ya kati mahali pake na twita mahali pake. Hazijapata nafasi ya kuungana. Spika hizo zinataka chumba. Kwa meza tafuta za njia mbili, koni ya inchi 4 hadi 6 na nusu, twita ikiwa karibu kabisa na wufa. Na pimeni meza kwanza, tafadhali, hasa kina chake.

Kila mtu anaisifu spika ndogo ya LS3/5A kwa kusikiliza kwa karibu. Je, inastahili bei yake?

Kazi yake inastahili sifa. BBC waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya sehemu finyu, kama magari ya kurushia matangazo nje ya studio. Ni boksi lililozibwa, lenye urefu wa kama sentimita 30, wufa na twita za kampuni ya KEF, na sauti ya mtu anayezungumza inatoka humo kwa ukweli ambao spika chache zinaufikia. Lakini besi ya chini kabisa haipo, na ukiibana ukutani ile besi ya kati inavimba. Zilitengenezwa kwa leseni na kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers na Spendor. Za mwanzo ni omu 15, za baadaye omu 11. Msikubali jozi iliyochanganywa, moja ya huku na moja ya kule. Bei ya sasa imebeba jina kwa sehemu kubwa, na kwa pesa hizo ningenunua jozi isiyo maarufu yenye ukingo wa mpira, kisha nibakize ya kumlipa fundi.

Kuhusu Yamaha NS-10 yenye koni nyeupe, ambayo wengine mmeitaja: studio ziliipenda kwa sababu inafichua makosa. Sauti zake za juu ni kali kiasi kwamba mafundi sauti walikuwa wakifunika twita kwa karatasi laini. Kwa mtu anayefanya kazi mezani siku nzima, siipendekezi.

Nimezipanga vizuri lakini sauti inavuma, na mwimbaji hakai katikati.

Hayo ni mambo mawili. Mvumo unatoka kwenye meza na ukuta: inua spika hadi twita ilingane na masikio, zisogeze ukingoni mwa meza upande wako, na kama tundu la hewa liko nyuma ulipe nafasi. Mwimbaji asiyekaa katikati mara nyingi ni waya uliogeuzwa upande mmoja. Cheza sauti ya mtu anayezungumza na ugeuze waya wa spika moja. Palipo sahihi besi inarudi na sauti inasimama kati ya spika mbili.

Twita ya kushoto imefifia. Ninunue nyingine?

Badilishana kwanza waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Udhaifu ukihamia kulia, tatizo si spika. Ukibaki kushoto, geuzageuza kile kitufe cha kurekebisha sauti nyuma ya boksi, kama kipo. Kutu ndani yake huikata sauti. Baada ya hapo shuku kapasita za krosova, ile saketi ndani ya boksi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, kwa kuwa zile za elektrolitiki huchoka kwa miaka. Zibadilishe pande zote mbili kwa thamani ile ile. Twita nyingine iwe ya mwisho, na iwe ya modeli ile ile.