Magazeti na uchaguzi: uliza kwanza nani kalipa nauli ya mwandishi

Mleta mada anasema magazeti kwenye uchaguzi wa vyama vingi kazi yake ni kushabikia tu, Uhuru upande huu, Tanzania Daima upande ule. Naomba nichangie kwa niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 2010 nilikuwa naandikia gazeti moja nikiwa Mwanza, kundi la wale tunaolipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, umetembea bure.

Wakuu, ushabiki wa wazi haujawahi kuninyima usingizi. Uhuru ni la CCM, chama tawala, Tanzania Daima lilikuwa la Mbowe, mwenyekiti wa Chadema ya upinzani wakati huo, na hakuna aliyefichwa. Ukishajua gazeti ni la nani, unalisoma ukiwa umejipanga. Pale kwenye meza ya magazeti wazee walikuwa wanasimama asubuhi wanasoma vichwa vyote bila kununua hata kimoja, muuzaji kanuna, halafu wanabishana: hili linasema uwanja ulifurika, mbona picha ni ya jukwaa tu, watu wako wapi? Walikuwa wahariri kumshinda mhariri wangu.

Balaa ni gazeti linalojiita huru huku mwandishi wake amekaa kwenye gari la mgombea. Mimi sikupewa nauli hata siku moja. Mgombea anakwenda vijijini, msafara unaondoka saa mbili asubuhi, wewe una daftari na simu ya tochi. Unapanda gari lake, unakula wali wake, jioni unapewa bahasha ya "mafuta" wakati huna hata baiskeli. Siku moja mkutanoni mama mmoja akasimama akauliza habari za zahanati iliyojengwa ikaachwa bila paa. Mgombea akababaika, akarukia mambo ya barabara. Habari ya siku ilikuwa ile. Mimi nikaandika kwamba ameahidi zahanati. Hakuna aliyenitisha, wala yeye hakuniambia neno. Nilikuwa nawaza gari la kesho. Na wagombea wa vyama visivyo na gari la waandishi? Kwa msomaji wetu walikuwa kama hawagombei.

Ikaja 31 Oktoba. Jimbo la Nyamagana, Lawrence Masha wa CCM, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, dhidi ya Ezekia Wenje wa Chadema. Matokeo yakachelewa, vijana wakajaa mitaani, mabomu ya machozi yakaanza kulia. Simu zetu zimejaa meseji, mara masanduku yamekamatwa kule, mara fulani kakimbia. Siku hiyo sikuhitaji lifti ya mtu, vituo vilikuwa vya kufika kwa miguu. Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo inabandikwa kituoni, kila mtu aione. Nikapita nikinakili: jina la kituo, kura za huyu, kura za yule. Nikampigia mhariri. Akasema Tume ya Uchaguzi haijatangaza, hatuandiki mshindi. Nikamwambia simtaji mshindi, nataja karatasi ya ukutani inavyosomeka. Zikatoka aya mbili, ukurasa wa ndani kabisa. Ndiyo kazi pekee ya kampeni ile ambayo sioni aibu kuisimulia. Wenje alishinda, mnajua.

Kwa nini naona aya zile mbili zina uzito? Matokeo ya ubunge ukiyapinga unakwenda mahakamani. Urais, ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza uchaguzi wake. Kwa hiyo kama kuna swali, wakati wake ni kabla ya tangazo, na linahitaji mtu aliyekwenda kusoma ukutani. Meseji inafutwa. Gazeti utalikuta miezi sita baadaye kwa mama wa maandazi, limefungia maandazi, namba zikiwa zilezile.

Najua mtasema serikali ndiyo inayobana. Ni kweli, sibishi. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa 2012 kwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Tanzania Daima likafutiwa leseni Juni 2020, uchaguzi ukiwa Oktoba. Leseni ikarudishwa Februari 2022, mahesabu ya 2020 yameshafungwa. Mhariri anayeogopa hapo simlaumu, ana watu wanaomtegemea. Lakini nauli yangu hakuna waziri aliyeifungia. Ile tulinyimana wenyewe kwenye vyumba vya habari, halafu tunashangaa kwa nini habari zetu zinafanana na hotuba.

Mleta mada, kampeni zijazo fanya jaribio moja. Soma habari ya mkutano, tafuta kama kuna anayezungumza ambaye hakuwa jukwaani. Kama hakuna, mwandishi alikuja na msafara. Nimeziandika nyingi za namna hiyo, nazijua kwa harufu.

Niliacha 2011. Habari nane bado nawadai.