Mwambie Binti Yako Kuhusu Hedhi Kabla Haijafika

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni, akatua begi na kuniambia, "Mama, nimeanza." Hakulia, hakujificha. Pedi alikuwa nayo kwenye begi, akaivaa mwenyewe chooni, kisha akarudi darasani kumalizia hesabu zake. Nimejivunia sana, wala sifichi.

Mimi nilipovunja ungo sikujua hata kile nilichokiona kinaitwaje. Nilidhani nimeumia tumboni. Nikaficha chupi chini ya godoro nikingoja kufa. Mtu mzima aliyegundua alinipa kitambaa na onyo: kuanzia leo ukiguswa na mvulana utapata mimba. Hakunieleza kitambaa kinavaliwaje, kinabadilishwa lini, wala damu itakoma lini. Leo nina watoto wangu, na onyo lile bado linaniuma. Nilihitaji kushikwa mkono, nikapewa hofu.

Ndiyo maana kwa binti yangu nilianza mapema. Mwili wenyewe hutoa taarifa. Matiti yakianza kuchomoza, hedhi mara nyingi hufuata baada ya miaka 2 hivi, na ute mweupe kwenye chupi huweza kutangulia kwa miezi kadhaa. Wengi huanza wakiwa karibu na miaka 12, lakini wapo wa miaka 9 na wapo wa 15. Mzazi anayesema "bado mdogo huyu" autazame mwili wa mtoto, asihesabu miaka tu.

Hatukukaa kikao. Tuliongea tukikunja nguo, tukiwa njiani, kidogo kidogo. Nilifungua pedi mbele yake, nikambandikia kwenye chupi upande wa gundi, nikakunja mabawa, kisha nikaimwagia maji aone inavyofyonza. Nikamwambia abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, na nguo ikichafuka ailoweke kwenye maji baridi, kwa kuwa ya moto hugandisha doa. Nilimwambia pia kwamba damu ya mwanzo inaweza kuwa ya kahawia, matone tu. Hilo ndilo lililomwokoa, kwa sababu ndivyo ilivyomjia.

Maswali yake hayakuwa yale niliyojiandalia. Alitaka kujua kama watu wataona. Kama itanuka. Kama damu itamwishia mwilini! Nilimjibu kwamba kwa kawaida hedhi nzima ni vijiko vichache tu vya damu, na mwili hutengeneza nyingine. Kuhusu mimba nilimweleza ukweli: sasa mwili wake unaweza kushika mimba, na inapatikana hivi na hivi, si kwa kushikwa mkono.

Wazazi wenzangu, zungumzeni na mabinti zenu. Msimwachie shangazi, mwalimu wala rafiki zake, maana kila mmoja atadhani mwenzake ameshasema. Na ninyi akina baba msikimbie. Baba anayenunua pedi bila kuzificha chini ya mkate anamfundisha binti yake kwamba hana cha kuonea haya ndani ya nyumba yao. Zungumzeni mapema, na mrudie tena, kwa sababu mara ya kwanza mtoto husikia nusu.

Miaka ya mwanzo mzunguko huyumba, siku 21 mwezi huu na 45 mwingine, kwa hiyo msimhoji kana kwamba amefanya kosa. Tumbo likimkaza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo husaidia, na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake. Lakini maumivu yanayomzuia kwenda shule, pedi inayojaa kila saa moja au mbili, damu inayopita siku 7, au kufika miaka 15 bila kuona chochote, hayo ni ya daktari. Mpeleke, na muulize kwanza kama anataka uingie naye.