Maswali na Majibu: Kuku wa Asili Si Kuku wa Kujitafutia

Barua za safari hii zinahusu kuku wa asili na bustani ndani ya kiwanja kimoja. Nimezichagua sita.

Nina mitetea 12 na jogoo mmoja, wote wa asili. Wameharibu matuta ya mchicha niliyopanda wiki mbili zilizopita. Nimeshauriwa niwakate mabawa. Je, itasaidia?

Itasaidia iwapo una uzio. Usipokuwa nao, utabaki na kuku waliokatwa mabawa wanaoingia bustanini kwa miguu, na katika barua yako ndefu sikuona neno uzio hata mara moja.

Watu wengi hudhani kuku huharibu bustani kwa kula. Mtazame tetea akiingia kwenye tuta lililomwagiliwa asubuhi: huchakura mara mbili kwa mguu mmoja, mara moja kwa mwingine, hurudi nyuma hatua moja, huinamisha kichwa upande ili jicho moja litazame alichofukua, kisha hudonoa. Miche yako haikuliwa, iling'olewa kwa sababu chini yake palikuwa na udongo laini na mdudu, na udongo laini wenye wadudu ndio hasa unaouandaa kila unapotengeneza tuta zuri. Kwa hiyo kuku na miche havikai pamoja hata siku moja, hata kama kuku wameshiba.

Weka wavu wa urefu usiopungua mita 1.8, maana kuku wa asili ni wepesi na huruka kuliko wale wazito wa kisasa. Sehemu ya chini iwe na matundu madogo ambayo kifaranga hapiti. Bawa likatwe moja tu, ili kuku akose mizani anaporuka, na yakatwe yale manyoya marefu ya ncha ya bawa. Usiguse unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Kazi hiyo utairudia, kwa sababu kuku akinyonyoka manyoya ya zamani huota mengine.

Kuku wangu ni wa asili na hawaugui. Kuna haja ya chanjo?

Ipo. Swali hili hurudi kila msimu, na kila msimu huletwa na mtu ambaye bado hajapoteza kundi zima. Ni kweli kwamba kuku wa asili huvumilia joto, njaa na baadhi ya minyoo kuliko wa kisasa, lakini kirusi cha mdondo, ambao wengine huuita kideri, hakichagui ukoo. Ugonjwa huo hauna tiba, na ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kulimaliza ndani ya siku chache. Chanjo ya matone ya jicho huwekwa tone moja kwa kila kuku, wakubwa kwa wadogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inayochanganywa na maji isiwekwe kwenye maji yenye klorini, kwa kuwa klorini huua chanjo yenyewe. Kuku aliyekwisha kuugua haokolewi na chanjo, kwa hiyo usiniandikie siku ya tatu ya vifo kuuliza ni chanjo gani inafaa.

Je, tetea anahitaji jogoo ili atage?

Hapana, anamhitaji ili mayai yaanguliwe.

Tetea wangu anatamia siku ya 23 sasa. Vifaranga wanne wametoka, mayai tisa yamebaki. Niendelee kusubiri?

Nina hakika, ingawa hukusema, kwamba mayai hayo hayakuanza kutamiwa siku moja. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na tetea akishaona vifaranga huondoka kiotani kuwalisha, akiyaacha yaliyochelewa yapoe. Mayai yako mengi huenda yaliongezwa na mitetea wengine waliokuwa wakitagia humo humo, jambo ambalo hutokea kila mahali ambapo anayetamia hakutengwa.

Usiku wa leo yapime kwa tochi chumbani penye giza. Yai lililo wazi kama siku lilipotagwa halikurutubishwa. Lenye majimaji yenye kivuli yanayochezacheza kila unapoligeuza halina uhai. Lenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui liko kama wiki moja, na hilo mpe tetea mwingine anayetamia kama unaye. Yaliyooza yatoe polepole, kwani likipasuka moja kiotani utajuta. Vifaranga walioanguliwa wanaweza kukaa siku mbili kwa kutumia kiini kilichobaki tumboni mwao, kwa hiyo hakuna sababu ya kuharakisha, ila maji safi yawe karibu, katika chombo cha kina kifupi wasije wakazama.

Mara nyingine kusanya mayai ya siku zisizozidi saba, yahifadhi mahali pa baridi, yatie alama ya penseli, kisha muwekee yote usiku mmoja. Kumi hadi 13 yanamtosha tetea wa umbo la kawaida.

Nilitia kinyesi cha kuku kwenye mashimo ya nyanya na miche yote imeungua. Si mbolea ya asili hiyo?

Ni ya asili, na moto pia ni wa asili. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi inayogeuka haraka kuwa amonia, ambayo ndiyo ile harufu inayochoma macho bandani. Mizizi michanga haiwezi kuistahimili.

Kinyesi hicho kivundishwe kwanza. Kichanganye na majani makavu au maranda kwa wingi, mara mbili au tatu ya ujazo wake, rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ulipindue kila linapopoa. Rundo zuri hufikia nyuzi joto 55 na zaidi, kiasi kwamba huwezi kuacha mkono ndani. Likishapoa lenyewe, likanuka udongo na si banda, liko tayari. Anayelazimika kutumia kinyesi kibichi akitie shambani mapema: kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Sababu yake ni vimelea kama salmonela, hivyo usidhani ni urasimu.

Nitaongeza usiloliuliza. Kuku wanaolala juu ya miti huku na huko hawakupi mbolea, wanaitawanya. Waliolala bandani juu ya vichanja, wakiwa na sentimita 20 kila mmoja, huangusha sehemu kubwa ya kinyesi chao mahali pamoja, tayari juu ya maranda. Anayesema hana uwezo wa kununua mbolea huku kuku wake wakilala mwembeni anajidanganya.

Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30. Nataka bustani na kuku wa asili, na rafiki ananishauri nipandishe kwa jogoo wa kisasa ili wakue upesi. Nianze wapi?

Anza na karatasi, na kuku waje mwisho. Chora mteremko kwanza, uone maji ya mvua yanatoka wapi na kwenda wapi. Banda lisikae juu ya kisima wala juu ya mboga za majani, kwani kila mvua itashusha kinyesi kibichi huko. Matuta yawe na upana wa mita 1.2 ili ufikie katikati bila kukanyaga. Eneo lililobaki ligawe vipande vitatu au vinne vyenye uzio, kuku waingie katika kipande kilichovunwa, wachakure wadudu na mbegu za magugu, kisha watoke na kipande kipumzike kwa zile siku 90 au 120 nilizozitaja kwenye jibu la mbolea. Usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo mahali pamoja mfululizo, maana ni ukoo mmoja na hugawana magonjwa. Mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au buluu, zifukie zote, kwa sababu kuku huziokota na kufa.

Kuhusu jogoo wa kisasa, rafiki yako anakuuzia haraka ambayo hutaiweza. Kizazi cha kwanza kitakua upesi na kitakula upesi vilevile. Kizazi cha pili hakitabiriki, na hamu ya kutamia, ambayo wazalishaji wa kuku wa mayai waliiondoa makusudi, huanza kupotea. Ukiipoteza utanunua vifaranga kila mwaka. Tafuta jogoo wa asili kutoka kundi lisilo na undugu na lako, mmoja kwa mitetea minane hadi kumi, mtenge wiki nne kabla ya kumchanganya na wengine, na umbadilishe kabla hajapanda binti zake.